Hodi ya Mara ya Tatu

Kazi yangu ni kuwaandikia watu maombi. Nina stesheneri ndogo Kibiti mjini, kando ya barabara kuu, yenye mashine moja ya fotokopi, kompyuta mbili na printa yenye kiburi. Tangu niifungue watu huniletea shida zao nizipange kwenye karatasi: maombi ya kazi, maombi ya uhamisho, malalamiko juu ya ng'ombe waliokula mpunga. Nimejifunza kwamba kila mlango una namna yake ya kubishwa. Afisa anataka "husika na kichwa cha habari hapo juu." Shehe anataka salamu kamili, isiyokatwa. Tajiri wa kamba wa baharini anataka umsifu kwanza. Ukikosea namna, shida yako ni ileile lakini mlango haufunguki. Nayasema haya mapema ili nikikasirika hapo mbele ijulikane kwamba nakasirika nikiwa fundi wa jambo lenyewe.

Mdogo wangu wa kiume, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alisomea kompyuta chuoni Dar es Salaam. Wenzake walibaki hukohuko kutafuta maisha. Yeye akarudi, akajitolea kwenye kituo cha afya kilicho ukingoni mwa delta, mahali boti za visiwani hufungwa. Mama alimwuliza kama chuo kizima alikwenda kujifunza kurudi nyumbani, naye akacheka tu. Upole wake ulikuwa kama ugonjwa. Ungemkanyaga, yeye ndiye angeomba radhi kwa kuuweka mguu wake pale. Mimi upole huo haukunipitia, na tangu utotoni nilikuwa nikigomba kwa niaba yake.

Kituoni alifunga mtambo wa kuita boti. Ulikuwa kompyuta moja kuukuu na modemu yenye laini ya simu. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani, awe Mbwera au Salale, akipata mgonjwa wa dharura anatuma ujumbe mfupi kwenye namba ya kituo. Kompyuta inaupokea, inaangalia nahodha gani yuko zamu, inamrushia yeye pamoja na mganga wa kituo, halafu inamrudishia muuguzi maneno mawili: "Ujumbe umefika." Kabla ya hapo muuguzi alikuwa akihangaika na namba za manahodha, watu wanaobadilisha laini za simu kama mashati. Na huko visiwani kupiga simu ni kubahatisha. Ujumbe mfupi ndio unaopenya. Kwa hiyo mtambo ule ulipendwa. Nilisikia wanawake wa delta wakiulizana kliniki, "Mmeshapata umefika huko kwenu?" kana kwamba ni aina ya dawa.

Mwaka huo wifi yangu, mke wake, alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuwa msichana wa kisiwani upande wa Salale, mcheshi, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Kompyuta ya mumewe aliiita mke mwenza. Akimtafuta mume kwa simu asimpate huniuliza mimi, "Wifi, yuko kwako au yuko kwa yule mwenzangu asiyepika?" Kwetu mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake kujifungua, na mama yake hakuwa mtu wa kubembelezwa kuhusu desturi. Mdogo wangu alitaka abaki karibu na kituo. Nikamwunga mkono, nikasema kisiwani ni mbali. Wifi mwenyewe ndiye aliyetunyamazisha. "Mnaogopa nini? Mashine ya mume wangu itaniitia boti." Alisema hivyo huku akimtazama mumewe, na niliona mdogo wangu anakosa pa kuyaweka macho.

Alikosa kwa sababu alikuwa anajua jambo ambalo sisi hatukulijua. Mtambo ulikuwa na ugonjwa.

Alinieleza siku hiyohiyo jioni, tukichambua dagaa kwa mama. Umeme ukikatika kompyuta inashikiliwa na betri yake, ila modemu inazimika, na ukirudi inaamka nusu. Ujumbe wa kisiwani unapokelewa vizuri. Majibu ya "Ujumbe umefika" yanakwenda vizuri. Ila ule unaotakiwa kumfikia nahodha unakwama ndani, na kwenye kioo kila kitu kinaonekana sawa. Dawa yake ilikuwa kuizima kompyuta na kuiwasha upya, nayo ilifanya kazi mpaka umeme ukatike tena. Kila asubuhi aliizima na kuiwasha, na kila umeme ulipokatika alikimbilia kufanya hivyo tena. Mganga alimwambia basi ayaondoe yale maneno ya "umefika." Lakini yalikuwa yameshonwa ndani kabisa ya programu, na alipojaribu kuyachomoa mtambo wote ulizimika.

"Sasa waliotengeneza si wapo?" nikamwuliza. "Waandikie."

Programu yenyewe ilikuwa ya zile wanazoziita huria. Watu wa kujitolea, wametawanyika duniani, kila mmoja kwake na kazi yake nyingine ya kumlisha, wameitengeneza na kuiweka wazi. Atakaye anaichukua bure, anaisoma ndani, anairekebisha. Ukikwama wana ukumbi wao kwenye mtandao ambako unauliza, anayejua anakujibu. Kituoni hapakuwa na mtandao wa maana, hivyo mdogo wangu alikuwa akipanda bodaboda mpaka Kibiti, anakaa kwenye kompyuta yangu ya pili, anaingia ukumbini humo.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa karibu yake nikikata picha za paspoti. Nilichungulia. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake cha shule, nadhifu, kwamba anawasalimu wote kwa amani, anawatakia heri wao na familia zao, yeye ni kijana kutoka delta ya Rufiji, Tanzania, na anaomba ruhusa ya kuuliza. Hapo akaishia. Akakunja mikono.

"Na shida yenyewe?"

"Dada, hujakaribishwa, unaanza kumwaga shida?"

Nilielewa anakoyatoa, kwani tulilelewa na baba mmoja. Baba alikuwa akituchukua kwenye mtumbwi kwenda kwa jamaa zake wa visiwani. Mkifika bandarini kwa mtu hamshuki. Mnasimamisha mtumbwi, mnapiga hodi. Mkiitikiwa, mnashuka, mnasalimiana, mnaulizana wazee, watoto na mpunga, mnakunywa maji, na baada ya hapo mwenyeji mwenyewe ndiye anayesema, "Haya, nipeni habari." Shida haisemwi kabla ya hapo. Na hodi ni tatu. Msipoitikiwa ya tatu mnageuza mtumbwi, hata kama mnaona moshi jikoni. Mwenyewe yumo lakini hataki, au ana lake, na si kazi yako kulijua. Niliwahi kumwona baba akigeuza mtumbwi namna hiyo, baada ya kupiga kafi toka alfajiri, na moshi ule jikoni tukiuona kabisa.

Ukumbini humo napo moshi ulikuwepo. Pembeni mwa kioo kulikuwa na majina na vidoti vya kijani, na kidoti cha kijani maana yake mtu yupo. Walikuwepo wengi. Walikuwa wakizungumza wao kwa wao mambo ya programu, wanatupiana mistari ya msimbo na vichekesho. Salamu ya mdogo wangu ikapanda juu, ikasukumwa, ikapotea. Hakuna aliyeiitikia. Alikaa mpaka nikafunga duka.

Alikuja tena siku nyingine, akasalimu upya, kwa maneno mafupi zaidi. Kimya. Akaja ya tatu. Kimya. Akazima kompyuta taratibu, akapanga kiti mahali pake.

"Ndiyo basi?" nikamwuliza.

"Nimebisha mara tatu."

Nilimpandia juu mbele ya wateja. Nikamwambia ule si uwanja wa mtu, ni gulio. Gulioni nani anabisha hodi? Akasema hata gulioni mtu humsalimu mwenye nyanya kabla ya kuuliza bei. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema ameinama, dada, ameinama mpaka mwisho wake. Hakunipandishia sauti, na hilo ndilo lililonichoma. Mteja wangu mmoja mzee, aliyekuja kufotokopi kitambulisho, akasema kijana ana adabu, mwacheni. Basi akaachwa. Wiki zikapita, na wifi akapelekwa kisiwani kwa mama yake na godoro lake na kanga mpya nilizomnunulia.

Kilichomrudisha mdogo wangu ukumbini ni mzee wa ngiri. Umeme ulikatika kituoni mdogo wangu akiwa msikitini, ukarudi, na kutoka kisiwani ukatumwa ujumbe kwamba mzee kabanwa na ngiri. Kisiwani wakajibiwa "umefika," wakatulia wakingoja. Bahati njema mashua ya wanunuzi wa kamba ilipita ikambeba. Mzee alipona. Lakini mdogo wangu alifika dukani kwangu akiwa amebadilika rangi. Alikaa kwenye kompyuta kama mtu aliyekuja kuomba chakula kwenye nyumba aliyofukuzwa. Nilimwona akiandika, akifuta, akiandika. Mwisho akaandika salamu tu, fupi, na kuuliza kama kuna mtu anayeweza kumsaidia.

Safari hii alijibiwa papo hapo. Hakujibiwa kwa maneno, alitupiwa kiungo cha mtandao. Tukakifungua. Ulikuwa ukurasa mzima ulioandikwa kwa ajili ya watu wa namna yetu. Ulisema usiingie ukumbini ukasalimu halafu ukangoja. Unapoteza muda wa watu. Ni sawa na kumpigia mtu simu, ukasema halo, ukanyamaza. Sema shida yako mara moja, anayeweza atakujibu. Ulikuwa na mifano, huu mbaya, huu mzuri, na ule mbaya ulifanana na salamu ya mdogo wangu kama pacha.

Aliusoma wote mpaka chini, midomo ikimcheza, kama mtoto anayesoma adhabu yake ubaoni. Mimi nilikuwa nachemka. Nilitafuta tusi ndani ya ukurasa ule nisilione. Ulikuwa na adabu, tena ulisema sababu zake, na sababu zilikuwa za kweli. Hata mimi dukani nachukia mtu anayesimama mlangoni akisema "dada, dada" bila kutaja anachotaka. Hilo ndilo lililonikera. Mtu akikutukana una pa kushika. Nilikuwa nimeishiwa pa kushika.

"Haya," nikasema, "sasa tumejua mlango wao unavyobishwa. Ngoja niwe karani wako."

Kulikuwa na fomu ya kuripoti hitilafu, na fomu ndiyo nyumbani kwangu. Tukaijaza pamoja. Toleo la programu, tukaandika. Hatua za kuirudia hitilafu, tukaandika: kata umeme, rudisha umeme, tuma ujumbe. Kisha likaja swali, ulitarajia nini kitokee? Nikamwambia aandike nahodha apate ujumbe. Yeye akaandika kwamba mama mjamzito afikiwe na boti. Swali lililofuata, nini kilitokea badala yake? Akaandika: "Bado hakijatokea." Nilitaka kumwondolea sentensi ile, si ya kiofisi. Akaniomba niiache.

Jibu lilikuja siku ya pili. Asante kwa taarifa, tafadhali eleza hitilafu tu, usiweke habari zisizohusiana nayo, ambatisha logi. Logi ni maandishi ambayo programu inajiandikia yenyewe, kila inachofanya na saa yake. Iko ndani ya kompyuta ya kituoni. Mdogo wangu akafanya ambalo kila mtu wa kwetu angefanya: alirudi kituoni, akapiga kioo picha kwa simu, picha nyingi, akajitahidi zisitikisike, akatembea mpaka penye mtandao, akazituma na kuomba radhi kwa usumbufu.

Wakamjibu kwamba picha za maandishi hawapokei. Tuma maandishi yenyewe. Mmoja akaongeza kwa upole kwamba yeye ni kipofu, husomewa na kompyuta yake, na kompyuta haiwezi kumsomea picha. Mdogo wangu aliona haya kwelikweli. "Nimempa kipofu picha, dada," alinipigia simu kuniambia. Mtu yule ndiye wa kwanza ukumbini humo kusema jambo lolote juu ya nafsi yake, na mdogo wangu akampenda kwa hilo. Akasema, huyu nitamletea vizuri, aisome yote.

Basi ili kumletea vizuri ilibidi aihamishe logi kwenye flashi, na flashi aje nayo Kibiti.

Alichagua siku isiyo na mawingu. Masika yalikuwa yameshaharibu barabara, lakini siku hiyo ilikuwa kavu, na umeme ulikuwa umetulia tangu jana yake. Aliizima kompyuta, akaiwasha, akajijaribia ujumbe, ukafika. Akamwambia nahodha wa zamu, kijana aliyekuwa akiosha boti, kwamba atarudi kabla ya alasiri. Wifi alikuwa bado na siku zake mbele, kwa hesabu ya kliniki.

Alifika dukani kwangu amerukiwa na matope ya barabarani, anacheka. Nilimpa maandazi. Akachomeka flashi, akaanza kuisafisha ile logi, kwani ukumbi ulikuwa umeelekeza pia namna ya kuitoa: usilete yote, leta sehemu inayohusika, na ufute namba za simu za watu. Alifuta namba moja moja. Kisha akaniomba nimsomee Kiingereza chake kabla hajatuma. Nilikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka fotokopi, nikamwambia angoje. Nilipokaa nikamsahihisha hapa na pale, nikamtania kwamba ameomba radhi mara nyingi kuliko alivyotaja hitilafu. Akaziondoa radhi zote ila moja. Ilikuwa ripoti safi. Nimeandika maombi mengi maishani na naijua kazi safi nikiiona. Mshale ulikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma, simu yake ikalia.

Alikuwa nahodha. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu kwa sababu alikuwa akipiga kelele.

"Kaka, wamekuja na mtumbwi. Kaka, mimi nilikuwepo! Nilikuwa hapahapa na boti, mafuta yamo, sikupata kitu. Wallahi sikupata kitu."

Umeme ulikuwa umekatika kituoni ukarudi, mara moja tu, kwa muda wa kufunga na kufungua macho. Muuguzi wa kituo, aliyeachiwa kazi ya kuiwasha upya kompyuta umeme ukikatika, hakuwa hata ameona.

Wifi alishikwa na uchungu asubuhi ile, kabla ya siku zake. Mtoto alitoka salama. Damu ndiyo haikukata. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani alituma ujumbe mara moja, kama alivyofundishwa, akajibiwa mara moja. Wakati huo maji yalikuwa yamejaa mtoni na mtumbwi wa kafi ungepita popote. Lakini kwa nini wapige kafi, na boti ya mashine iko njiani? Walimweka kwenye kitanda cha kamba, wakamteremsha mpaka bandarini, wakakaa kuingoja boti. Maji ya mto yakaanza kupwa. Walipokata tamaa wakachukua mtumbwi, mkondo ulikuwa umebaki matope katikati ya mikoko, na wanaume wakawa wanashuka kuusukuma kwa mabega. Alikata roho kabla hawajakiona kituo.

Tulimzika kisiwani kwao. Nilikwenda na mama. Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichanga kimelala mapajani kwa mama yake mdogo, na kila mwanamke aliyeingia alimpa mkono na kumsalimu, naye aliitikia kila mmoja, hakumruka hata mmoja. Nilipofika mimi akanishika mkono asiuachie. Akatoa simu kwenye pindo la kanga. Ilikuwa simu ya muuguzi, sijui kwa nini alikuwa nayo yeye. Akanionyesha.

"Ona, mwanangu. Si wamesema umefika? Ona mwenyewe. Ndiyo maana tukangoja."

Nilimwambia ndiyo, mama, wamesema umefika. Nje, upande wa wanaume, mdogo wangu alikuwa amekaa ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, watu wanampa pole anaitikia. Hakulia mbele yetu. Nililia mimi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira haikuwa na mtu wa kumwangukia. Umeme? Mama mkwe na desturi yake? Kipofu wa watu aliyetaka maandishi? Baba yetu, aliyetufundisha kugeuza mtumbwi? Nilimlaumu kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna aliyekaa na lawama ile hadi asubuhi.

Baada ya mazishi mdogo wangu aliutoa mtambo. Aliukung'uta vumbi, akaufunga kwenye boksi, akamkabidhi mganga. Namba za manahodha zikaandikwa kwa mkono na kubandikwa kwenye zahanati za visiwani, nazo baada ya muda nyingine hazikuwa hewani. Yeye akahamia shambani kwa mama, analima mpunga. Nikimwuliza habari za kompyuta anasema salama.

Kompyuta yangu ya pili dukani ilibaki na barua pepe yake wazi, kwani alikuwa na haraka siku ile, hakuifunga, nami sikuwa na moyo wa kuifunga. Tulikuwa tumeshamaliza arobaini nilipoona kuna barua mpya kutoka ukumbini kule. Nikaifungua. Haikuandikwa na mtu. Iliandikwa na mashine yao inayosafisha maswali ya zamani. Ilisema kwa heshima zote kwamba mwenye taarifa hii aliombwa logi, naye hajaleta wala kujibu kwa muda mrefu. Je, tatizo bado lipo? Asipojibu, taarifa itafungwa.

Nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, nikakaa, nikaandika. Sijawahi kuandika ombi wala malalamiko kwa mkono mwepesi namna ile. Niliwaandikia juu ya hodi tatu na juu ya vidoti vya kijani. Niliwaandikia juu ya matope na mikoko. Niliwauliza kama katika ukurasa wao wa mifano mizuri na mibaya kuna mahali pa kuweka mfano wa wifi yangu. Kiingereza changu si cha kujivunia, lakini siku hiyo kilinyooka. Kisha, kwa kuwa akaunti ilikuwa ya mdogo wangu na jina lingekuwa lake, nikampigia aje.

Alikuja na matope ya shamba miguuni. Akavua ndala mlangoni, akabisha hodi ingawa alikuwa ananiona, nikamkaribisha. Akasimama nyuma yangu akasoma yote niliyoandika, taratibu. Nilingoja aseme tuma.

"Hawa hawakutujua, dada."

"Ndiyo kosa lao!"

"Wanajitolea tu hawa. Kama mimi."

Akaniomba kiti. Nikampisha. Akayafuta maneno yangu yote kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, na mimi nikasimama pale nikiyatazama yakirudi nyuma mpaka kisanduku kikawa cheupe. Kisha akaandika, kwa Kiingereza kilekile nadhifu cha shule: "Hapana, msaada hauhitajiki tena. Ahsanteni sana kwa muda wenu. Samahanini kwa usumbufu." Akatuma.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia. Sikufanya hata moja, nilibaki nimeshika mgongo wa kiti.

Hakuwa amesimama bado, kioo kikabadilika. Mtu fulani, mahali fulani duniani, alikuwa ameusoma ujumbe wake muda huohuo, na chini yake akaweka alama ya dole gumba lililosimama na sentensi moja: "Nimefurahi limetatuka!" Taarifa ikawekewa rangi ya kufungwa.

Mdogo wangu aliisoma ile sentensi. Kisha akaenda mlangoni, akainama kuvaa ndala zake.

"Wameitikia," akasema.